Saa isiyofika sifuri

Jumanne usiku, saa nne na nusu, umeme ndio kwanza umerudi. Nilikuwa namalizia picha za nyumba ya mteja wa Kigamboni, nyumba ambayo haijachimbwa hata msingi, na kazi yangu ni kuifanya ionekane kama watu wameshahamia. Ilibaki bustani. Nikafungua tena lile duka la mtandaoni ambako Jumapili yake nilikuwa nimenunua furushi la mimea ya pwani, yaani modeli za 3D, maumbo ya kompyuta ya kupachika kwenye picha: minazi, mikorosho, migomba, mikadi. Nililipa dola 40. Safari hii sikuja kununua. Faili la mnazi lilikuwa zito, linakwamisha kompyuta, nikataka kusoma maelezo ya namna ya kulipunguza.

Furushi lile lile sasa lilikuwa dola 11 na senti 20.

Pembeni ya bei palikuwa na utepe mwekundu na saa inayohesabu kushuka: saa 2, dakika 14, sekunde 9. Nane. Saba. Sita.

Dola 40 kwangu ni karibu laki moja. Nalipia bando la mwezi mzima na bado nabaki na ya luku. Nikakaa pale naitazama ile saa, kisha nikafanya kitu ambacho hata sasa sijui kilichonituma. Nikafungua ukurasa ule kwenye dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti yangu. Saa ikasema: saa 3 kamili, ndiyo inaanza. Nikafunga, nikafungua tena.

Saa 3 kamili.

Kumbe haikuwa inahesabu mwisho wa ofa. Kila anayeingia anawashiwa ya kwake.

Leo ni wiki ya tisa na jambo hili halijanitoka. Mwanzoni nilidhani linaniuma kwa sababu ya fedha. Fedha zile nilishazisamehe wiki ya kwanza.

## Arobaini inavyokuwa kumi na moja

Kesho yake asubuhi nilichukua daftari nikatafuta njia iliyofuatwa. Furushi lilikuwa na punguzo la asilimia 50 kwa sababu lilikuwa kwenye "chaguo la wiki". Ukiliweka kikapuni pamoja na bidhaa yoyote mpya, linakatwa asilimia 30 nyingine. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeacha vitu kikapuni bila kulipia, nilikuwa nimetumiwa kuponi ya asilimia 20 ambayo mfumo uliingiza wenyewe.

Asilimia 50, 30 na 20. Ukizijumlisha haraka unapata mia, na jicho linaona kama unapewa bure. Lakini hazijumlishwi. Kila moja inakata kilichobaki: 40 inakuwa 20, ishirini inakuwa 14, kumi na nne inakuwa 11.20. Punguzo lote ni asilimia 72. Bado ni kubwa mno. Kinachonishangaza ni kwamba hesabu imepangwa ili mnunuzi asiweze kuifanya kichwani, na akishindwa kuifanya anabaki na hisia tu, na hisia hiyo inasema "chukua kabla haijaondoka".

Nikarudi kwenye barua pepe. Nilihesabu za miezi mitatu kutoka duka lile. Siku ambazo hazikuwa na "ofa ya mwisho" zilikuwa tisa.

Tisa katika siku tisini. Na mimi niliingia Jumapili, moja ya hizo siku tisa, nina kazi ya kukabidhi, sina kuponi, sina muda wa kusubiri. Bei ya dola 40 ilikuwepo kwa ajili ya mtu wa namna yangu siku ile. Ilikuwa bei ya mwenye haraka, na kwa wengine wote ilikuwa namba ya kuchorwa mstari katikati.

Niliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la heshima, likisema bei hubadilika kulingana na kampeni na kwamba masharti yanaruhusu. Ni kweli yanaruhusu. Nilikuwa nimeyakubali.

## Kariakoo kuna sakafu

Najua wapo watakaoniambia: dada, umezaliwa Dar, umekulia Kariakoo, leo ndio unashangaa bei kubadilika? Wewe mwenyewe hujawahi kununua hata kandambili bila kuzungumza.

Sijawahi, na wala sioni aibu. Lakini kuzungumza bei kuna watu wawili. Yeye ananiona, mimi namwona. Anasema elfu ishirini, mimi nacheka kidogo, naishika bidhaa naigeuza, nasema kumi. Anashika kichwa. Naondoka hatua nne, ananiita: "Njoo basi, una ngapi?" Kila mmoja ana hila zake na kila mmoja anajua mwenzake anazo. Tukikubaliana elfu kumi na nne, ile kumi na nne tumeitengeneza sote wawili. Kesho akimuuzia mwingine kwa kumi na mbili, huyo alikuwa na mdomo kunizidi, haya, hongera yake.

Kwenye lile duka mimi sikuwa na mdomo. Upande mmoja ulizungumza bei peke yake, ukapanda, ukashuka, ukanipigia saa mezani, na kazi yangu ilikuwa kubonyeza au kutobonyeza.

Kuna tofauti nyingine ambayo ilinichukua muda kuiona. Muuza nguo ana sakafu. Amenunua mzigo kwa jumla, amemlipa mtu wa mkokoteni, analipa kodi ya fremu kila mwezi. Chini ya hapo hashuki, na ukimfikisha pale utamwona usoni. Faili halina sakafu hiyo. Likishapandishwa kwenye duka, nakala ya kwanza na nakala ya elfu kumi zinagharimu sawa, yaani karibu na bure. Ndiyo maana bei inaweza kwenda popote bila kugonga kitu. Dola 40, dola 11, dola 2, hakuna mahali itakapolia "hapa napata hasara".

Gharama ipo, lakini imekaa nyuma, mahali ambapo mnunuzi haioni. Nazungumza hivyo kwa sababu na mimi nauza.

## Mlango mmoja, siku kumi na moja

Nina furushi la milango minane ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mlango wa kwanza niliutengeneza kwa siku kumi na moja. Nilivuka na boti, nikapiga picha 214 za mlango mmoja, kuanzia kizingiti mpaka juu, asubuhi kabla jua halijaanza kuchonga vivuli vikali. Kisha nikarudi na kuuchonga upya ndani ya Blender, programu ya kutengenezea modeli za 3D: mnyororo unaozunguka fremu, pete kwa pete, yungiyungi chini, mfaa, ule mhimili wa katikati, ambao peke yake ulikula siku tatu kwa sababu nakshi zake hazijirudii kama unavyodhani ukiutazama kwa mbali. Fundi aliyeuchonga alikuwa anabadilisha kidogo kila hatua. Nilijaribu kunakili kipande kimoja na kukirudia, nikaona mlango umekufa, nikafuta nikaanza tena.

Misumari ya shaba ilinifundisha zaidi. Kila kichwa kimechakaa upande tofauti, kulingana na mikono inapogusa. Ile inayofikiwa na watoto inang'aa. Ya juu imeiva na kuwa ya kijani.

Milango minane ilinichukua jioni za miezi mingi. Niliweka dola 24. Nilifika kwenye namba hiyo kwa njia rahisi: dola 3 kwa mlango, kiasi ambacho mwanafunzi anaweza kukipata na ofisi ya wasanifu haiwezi kukidharau.

Sikuwa na kanuni nyingine yoyote. Na wala sikuwa na habari kwamba ile 24 ni ahadi.

## Ujumbe niliouacha

Nilipokuwa natafuta risiti ya ile mimea ya pwani, nikaukuta ujumbe wa miezi saba nyuma.

Wakati ule duka ninalouzia lilikuwa limenialika kwenye kampeni ya wikendi: punguza nusu, tutakuweka ukurasa wa mbele. Nilikubali bila kufikiri mara mbili. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeuza mafurushi sita. Kwa siku tatu za kampeni niliuza thelathini na moja. Nilimpigia mama simu usiku kumwambia.

Ijumaa ile ile kijana mmoja aliniandikia, kwa Kiswahili, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Anasoma usanifu majengo Nairobi, kwao ni Lamu.

"Habari dada. Hongera kwa kazi, milango imetulia sana. Nilinunua Jumatatu kwa dola 24, leo naona ni 12. Sidai pesa. Naomba tu kujua, bei yake hasa ni ipi?"

Nilimjibu kwa kumtumia furushi langu jingine, la madirisha, bila malipo. Niliona nimemaliza vizuri kabisa. Akaandika tena:

"Asante sana kwa madirisha. Lakini hujanijibu."

Na sikumjibu. Niliuacha pale ujumbe, ukafunikwa na mwingine, na mwingine. Miezi saba baadaye mimi ndiye niliyekuwa nimekaa usiku mbele ya kioo nauliza swali lile lile, kwa duka ambalo nalo lilinijibu kwa heshima bila kunijibu.

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinaniuma.

## Aliyeondoa kuponi

Jibu la haraka lingekuwa: basi weka bei moja, usiiguse, maliza. Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini kuna kisa kimoja kinachonizuia.

Mwaka 2012, duka kubwa la Marekani, JCPenney, lilikuwa chini ya mkurugenzi mpya, Ron Johnson, aliyekuwa amejenga jina kwa kuongoza maduka ya Apple. Alikuta kampuni inaishi kwa kuponi na mapunguzo yasiyokoma, hakuna anayelipa bei iliyoandikwa. Akaondoa karibu yote. Akashusha bei za kawaida, akasema hii ndiyo bei, kila siku, bila mchezo. Ndicho hasa ambacho mtu kama mimi angeomba.

Mauzo ya mwaka ule yalianguka kwa karibu robo. Aprili 2013 Johnson aliondolewa, na kuponi zikarudi.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi wiki hizi. Watu hawakuwa wamedanganywa na kuponi, walizijua. Walikuwa wamezoezwa kwa miaka mingi kwamba furaha ya kununua iko kwenye kile kilichokatwa. Mama anarudi nyumbani na bahasha ya kuponi alizokata gazetini, anasema "nimeokoa". Ukimwondolea hiyo, hata kama analipa kiasi kile kile au pungufu, umemnyang'anya sehemu yake ya kazi. Naielewa furaha hiyo. Nikitoka sokoni cha kwanza ninachosimulia ni nilianziwa bei gani.

Kwa hiyo mashaka yangu ni haya: huenda ukweli wa bei ni kitu ambacho watu wanakitaka baada ya kununua tu, wakishaumia kama mimi. Kabla ya kununua wanataka mstari mwekundu juu ya namba kubwa.

Sijalishinda shaka hilo.

## Nani anabeba

Ila nimeliangalia kutoka upande wa muuzaji, na picha inabadilika kidogo.

Duka la Unity, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, lililofunguliwa 2010, humwachia mtengenezaji asilimia 70 na kubaki na 30, na kwa miaka mingi mgawo huo ndio ulioonekana wa kawaida katika biashara hii. Epic walikuwa nao vilevile kwenye soko la Unreal, programu yao ya kazi hiyo hiyo, mpaka Julai 2018 walipoubadilisha kuwa 88 kwa 12, na wakawalipa wauzaji tofauti ya mauzo ya nyuma, tangu soko lilipofunguliwa 2014. Watu waliokuwa wanauza pale waliamka wakakuta fedha za kazi walizokwisha kuzisahau. Sijui tangazo gani la biashara lingeweza kufanya kazi kuliko hilo. Gumroad inachukua asilimia 10 na ada ndogo, mnunuzi akiwa ameletwa na muuzaji mwenyewe. Itch.io inamwachia muuzaji mwenyewe aamue duka lichukue ngapi.

Sasa chukua milango yangu. Kwa dola 24 katika duka la 70 kwa 30, napata 16.80, duka linapata 7.20. Kwa dola 12 napata 8.40, duka 3.60. Kwa faili moja, mimi nimeacha zaidi ya dola nane na wao chini ya nne. Lakini wao wana maelfu ya wauzaji, na kila mnunuzi aliyekuja kwa sababu ya milango yangu anaweza kuondoka na kitu cha mwingine. Wikendi ile imewajazia duka. Mimi imenibadilishia bei. Mwezi uliofuata kampeni niliuza mafurushi mawili. Mwezi mwingine, moja. Wakati huo huo idadi ya watu walioniweka kwenye orodha ya matamanio ilipanda kila wiki. Walikuwa wananisubiri nishuke tena, na mimi ndiye niliyewafundisha kusubiri.

Nilimwuliza mwenzangu anayeuza modeli za magari afanyeje mtu. Akanijibu kama anayetoa siri ya kawaida tu: "Weka 48. Kampeni ikija unashusha nusu, unabaki na 24 yako."

Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha. Duka likizoea mapunguzo, muuzaji mwaminifu naye analazimika kuandika namba ambayo hakusudii mtu ailipe. Anayeilipa ni mgeni, au mwenye haraka, au kijana wa Lamu aliyeingia Jumatatu.

Ulaya wameliona hili wakalitungia sheria. Tangu tarehe 28 Mei 2022, duka likitangaza punguzo la bidhaa ya kushikika katika nchi za Umoja wa Ulaya linatakiwa lionyeshe bei ya chini kabisa iliyotozwa katika siku 30 zilizopita, na Septemba 2024 mahakama yao ya juu ikaongeza kwamba hata asilimia ya punguzo ihesabiwe kutoka kwenye bei hiyo, si kutoka kwenye namba yoyote kubwa ya zamani. Kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Ila mimi nikiwa Dar, nanunua faili kwa kadi ya malipo ya kwenye simu kutoka duka lililoko bara jingine, sikuwahi kuonyeshwa bei ya siku 30. Ningeonyeshwa, ile Jumapili ningefunga kompyuta nikalala.

Na bei ya chini si dhambi, nisieleweke vibaya. Poly Haven, iliyoanzishwa na Greg Zaal wa Afrika Kusini, inagawa tekscha na modeli bure kabisa, na mwenye uwezo anachangia. Juni 2020 itch.io walikusanya kazi zaidi ya 1,700 kwenye furushi moja la kuchangia haki za watu weusi Marekani, kiwango cha chini dola 5. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 8 kutoka kwa watu zaidi ya laki nane. Gawanya: ni karibu dola 10 kwa kila mtu, mara mbili ya walichoombwa. Walijua fedha inakwenda wapi, na hakuna aliyekuwa anawapigia saa ya uongo. Sifuri ya kweli inaaminika. Tano ya kweli pia.

## Nitakupindishia

Wiki ya tano nilikwenda Kariakoo kumnunulia shangazi kanga. Kuna mama mmoja nanunua kwake tangu nikiwa chuo. Nikamwamkia, akaniuliza habari za nyumbani, akanitolea doti tatu mpya. Elfu kumi na tano kwa doti.

"Mama, nifanyie kumi na mbili."

"Mwanangu, hii siwezi. Jana kaichukua mwenzio kwa kumi na tano, na leo asubuhi mwingine. Wakikutana harusini watanionaje?"

Kisha, kabla sijasema kitu, akaikunjua ile doti, akaipima kati kwa kati kwa macho. "Nitakupindishia. Fundi yuko hapo nyuma, kaa unywe maji."

Akaikata mwenyewe, mkasi ukipita lilipoishia pindo la kanga moja na kuanza pindo la nyingine, akampa fundi. Niliondoka na kanga mbili zilizokatwa na kupindwa, kazi ambayo ningeilipia pengine. Bei haikusogea hata shilingi. Niliondoka nimependelewa, na wale wawili wa harusini hawakuibiwa kitu.

Nikiwa kwenye daladala nilikuwa nikifikiria neno lake moja. *Wakikutana.*

Wateja wangu hawakutani. Yule wa Nairobi na wale thelathini na mmoja hawatakaa meza moja wakaulizana. Duka la mtandaoni limejengwa juu ya hilo: kila mtu na bei yake, kila mtu na saa yake. Nikajiuliza ningepangaje bei kama nawategemea wakutane wote ukumbini, wameshika simu zao, kila mmoja anaonyesha risiti yake.

Na nikaona kwamba ningetaka aliyeingia wa kwanza awe ndiye aliyepata zaidi.

## Chajiuza, chajitembeza

Hivi ndivyo nilivyofanya. Milango minane inabaki dola 24. Mlango wa tisa ukiingia, furushi linakuwa dola 27. Aliyekwisha nunua anaupata wa tisa bila kuongeza senti, na wa kumi, na kuendelea. Bei haishuki, inapanda kwa sababu kitu kimeongezeka, na kila inapopanda wa mwanzo anakuwa amenunua vizuri zaidi, si vibaya zaidi. Nimeliandika hili wazi kwenye ukurasa, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Mlango mmoja, ule wa kwanza wa siku kumi na moja, nimeutoa bure. Muuza halua wa Zanzibar anakukatia kipande kabla hujatoa pesa. Mtu aupakue, auweke kwenye kazi yake, aone kama unamkwamishia kompyuta kama ule mnazi ulivyonikwamishia.

Nimebadilisha na picha. Zamani niliweka picha za jioni, mwanga wa dhahabu, vumbi linaelea. Sasa ya kwanza ni mlango kwenye mwanga mweupe wa kawaida, ya pili ni nyavu zake tupu bila rangi, ya tatu inaonyesha idadi ya poligoni, vile vipande bapa vinavyounda umbo. Sijaziondoa zile za jioni, ni nzuri na nazipenda. Zinafuata nyuma.

Nimelelewa na ile methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye duka lenye makumi ya maelfu ya mafaili siiamini tena yote. Chema kinazikwa kikiwa hai. Lazima kijitembeze, lazima mtu akipeleke mbele ya macho ya watu, na sioni ubaya wowote katika kuita wateja. Muuza samaki anaita. Ila anaita jina la samaki na anafungua mashavu ya samaki uone wekundu wake.

Wiki mbili zilizopita duka lilinitumia mwaliko mwingine wa wikendi. Nusu bei, ukurasa wa mbele. Niliukataa, na mkono ulikuwa mzito. Thelathini na moja si idadi ndogo kwangu, nina kodi na nina mama. Kwa mwezi mzima tangu nibadilishe nimeuza mafurushi manne. Kuna usiku ninaamka nikifikiria kwamba yule wa magari ndiye mwenye akili, na JCPenney wananijia kichwani kama wageni wasioalikwa.

Kabla ya kuupandisha mlango wa tisa nilimwandikia kijana wa Lamu. Nilimwomba radhi kwa miezi saba. Nikamwambia: bei yake ni dola 24, ulilipa bei yake, na wale wa wikendi ile nilikosea kuwauzia kwa 12 bila kukufikiria wewe. Nikamweleza habari ya mlango mpya, kwamba upo kwenye akaunti yake tayari.

Alijibu jioni ile ile. Habari ya bei hakuigusa kabisa.

"Dada, nimeufungua nikauzungusha. Nje umepatia mpaka basi. Lakini ndani hujaweka komeo. Nyumbani kwa bibi lipo, la mti, zito, linapita mlango mzima. Nikienda likizo nitakupigia picha."

Picha zimefika juzi, kumi na nane, mbili zina mkono wa bibi yake kwa ajili ya kipimo. Nimeanza kulichonga.